Vitenge Sita kwa Frigo

Katika Kapata yote, mtaa wa wafanyakazi wa migodi kule Kolwezi, hakukuwa na mwanamke aliyejua kununua kitu kilichotumika kumshinda Ernestine, mke wa Kabemba, ambaye majirani walimwita mama Gradi kwa jina la mtoto wake. Aliwahi kuuziwa jiko la umeme lililowaka vizuri mbele ya muuzaji likafa siku ya tatu, na tangu hapo hakuamini mdomo wa mtu. Alichomeka kitu, akavuta kiti, akakaa hata saa tatu. Alisikiliza mota inavyoanza na inavyopumzika. Alipitisha mkono nyuma kuona kama joto linatoka. Alibana kipande cha karatasi mlangoni, akakivuta aone kama mpira unashika. Majirani walimwita awachagulie, naye alikwenda.

Mwaka ule wa tisini na tatu vitu vya namna hiyo vilijaa kila mahali. Kampuni ya migodi ilikuwa haijalipa mishahara kwa miezi, na watu wenye asili ya mkoa wa Kasai walikuwa wamefukuzwa majumbani mwao, hata waliozaliwa Kolwezi na wasiowahi kuiona Kasai. Walilundikana stesheni wakingoja treni, na majokofu na redio zao zikauzwa kwa unga. Kati yao alikuwemo Agnès, mama Valérie, ambaye kwa miaka kumi na moja alitenganishwa na Ernestine na ukuta mmoja tu. Vijana walipokuja na marungu, Ernestine alikuwa safarini Sandoa akimuuguza dada yake. Aliporudi alikuta mapazia ya watu wengine katika madirisha ya Agnès. Alikwenda stesheni siku moja kumtafuta, askari wakamzuia njiani, akarudi. Hakwenda tena. Alijiambia kwamba ni hatari.

Kisha Mukalay, mdogo wake Kabemba, akaja na habari ya frigo, jokofu lililotumika. Alisema ni ya karani mmoja wa mjini aliyekwisha kusafiri, aliyeuza kwa hiari yake na kushukuru. Ernestine alikuwa anawaza biashara ya barafu na maji ya baridi, kwa kuwa nyumba za Kapata bado zilipata umeme hata pale mifuko ilipokauka. Akaenda kwa Mukalay, akavuta kiti. Frigo ilikuwa imepakwa rangi ya bluu, mbichi bado. Akauliza rangi ya nini. Mukalay akacheka, akasema mwenyewe alitaka ipendeze. Mota ilikuwa nzuri. Mpira ulishika. Fedha zilikuwa hazina thamani tena, kwa hiyo Ernestine akatoa vitenge sita alivyoletewa siku ya mahari, ambavyo hakuwahi kuvikata.

Kwa wiki tatu barafu iliwalisha. Watoto walikula mara mbili kwa siku, na Kabemba akaacha kukaa kimya mezani.

Asubuhi moja Ernestine alikuwa akiyeyusha barafu na kupangusa mlango. Rangi, iliyokuwa imelowa, ikabanduka chini ya kitambaa kama ganda la kitunguu. Chini yake palitokea karatasi iliyogandishwa kwa gundi: vazi la Bikira Maria, na nusu ya uso. Ernestine aliijua picha ile. Alikuwepo wakati Agnès alipoibandika mlangoni mwa frigo yake, Jumapili ya komunyo ya kwanza ya Valérie, na yeye mwenyewe ndiye aliyeilainisha kwa kiganja.

Aliacha maji yakitiririka sakafuni, akavaa viatu, akaenda stesheni. Safari hii askari alikubali kipande cha sabuni akampisha. Alimkuta Agnès chini ya turubai kando ya reli, amekonda, na Valérie amelala mapajani mwake. Agnès hakusimama.

Ernestine alimwambia yote, kuhusu rangi na picha. Agnès alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema polepole:

«Mukalay alikuja ile siku batu balikuwa banavunja milango. Alisema, mama Gradi amenituma, atakuchungia frigo mupaka mutarudia. Mi nilimupa juu ya jina yako. Kama hangetaja weye, singemupa.»

«Mi sikumutuma. Nilikuwa Sandoa.»

«Hapa tuko wiki saba,» Agnès alisema. «Kila siku nilikuwa nasema, mama Gradi atakuja.»

Ernestine aliuliza afanye nini, airudishe vipi. Agnès alitazama mabunda yaliyomzunguka, akasema frigo haipandi treni. Alichohitaji ni unga na samaki wa chumvi, kwa ajili ya njia.

Jioni ile Ernestine alimwambia Kabemba. Mukalay alikuwa amekwisha kwenda na vitenge kuvibadilisha kwa mahindi vijijini. Kabemba aliinamisha kichwa bila kushangaa, akasema ni mdogo wake, mambo haya yataongelewa ndani ya familia. Ndipo Ernestine alipoelewa kwamba mumewe alijua frigo ile ni ya nani tangu siku ilipoingia mlangoni. Alichukua mkeka wake akalala na watoto, na alilala huko mwaka mzima.

Siku iliyofuata aliiuza frigo kwa mama mmoja wa mjini. Kwa sababu soko lilikuwa limejaa, alipata magunia mawili tu ya unga na samaki kidogo, akavipakia kwenye baiskeli ya kukodi mpaka stesheni. Agnès alipokea na kushukuru. Alifungua gunia moja, akachota unga kiganjani, akaunusa, akaupitisha kati ya vidole. Halafu akafungua la pili, akalichunguza vilevile, hadi chini, Ernestine akiwa amesimama pale anamtazama.

Treni iliondoka Alhamisi. Mukalay alirudi baada ya mwezi, amenenepa, akaja kusalimia. Ernestine alimpa kiti na maji ya kunywa, akatoka nje, na hakurudi ndani mpaka Mukalay alipoondoka.