Ukoo wa Simu

Jumanne, tarehe 11 Machi 2025. Asubuhi ukungu, saa nane mvua ya mawe, kisha jua. Wakulima wa kituo chetu cha kununulia majani chai, nje kidogo ya Roret, walikuwa wamejikinga chini ya mabati wakingoja lori, pamoja na Rodah, mwenyekiti wao.

Rodah ana miaka hamsini na minne, chai ya ekari moja na nusu, ng'ombe wawili, na binti, Fancy, anayefundisha Bomet. Uenyekiti hakuuomba. Walimchagua kwa sababu husoma kila karatasi mpaka mwisho kabla ya kutia sahihi, hata watu wakinung'unika.

Siku hiyo alikuja Robert, kijana wa kampuni iliyopewa na serikali kazi ya kuandikisha wakulima ili wapate mbolea ya bei nafuu. Alibeba simu pana. Aliuliza jina, kitambulisho na ukubwa wa shamba, akachukua alama ya kidole. Mwisho aliuliza ukoo, na mahali babu alikozaliwa.

Hakuna aliyeshtuka. Kwetu kuulizana ukoo ni adabu. Mgeni hamalizi kikombe cha chai kabla hamjajuana. Jonah, mkulima wa ukoo wa nyuki, alijibu kwa sauti, "Andika nyuki. Na uongeze kwamba tunauma." Watu wakacheka, foleni ikasonga.

Charity alipofika mbele hakujibu. Alizaliwa hapa hapa, lakini babu yake alitoka Murang'a. Alitoka kwenye foleni akamwendea Rodah, jirani yake.

"Mama Fancy, mimi mbolea nitaacha. Nitatumia samadi."

Rodah alielewa. Mwanzoni mwa mwaka 2008, katika ghasia za kikabila za baada ya uchaguzi, vijana wasiojulikana hapa walikuja mlangoni kwake wakitafuta watu waliotoka mbali. Charity alikuwa jikoni, mtoto mgongoni. Rodah aliwaambia aliye ndani ni mdogo wake. Waliondoka. Hawakuwa na namna ya kujua.

Rodah alisimama, akamwomba Robert asimamishe kazi. Robert alieleza kwa upole kwamba swali halina ubaya, ni la kupanga maendeleo tu, na kituo kisichojibu yote mbolea yake itapelekwa kwingine. Hapo manung'uniko yakaanza. Mvua za kutia mbolea zilikuwa zimeshafika, na wengi walimtaka Rodah akae chini.

"Kijana wangu," Rodah alisema, "mimi nikikuuliza ukoo, nawe utaniambia wako. Sasa hii simu ni ya ukoo gani?"

Jonah alicheka peke yake.

"Mama, hii ni mashine tu."

"Basi haina adabu. Inachukua yetu na haitoi yake. Serikali ya leo sina ugomvi nayo. Ile ya miaka kumi na tano ijayo, wewe unaijua? Ikiwa mbaya haitakuja mlangoni kuniuliza. Itakuwa imeshajua nani yuko jikoni kwangu."

Wa kwanza kusogea alikuwa Jonah.

"Toa nyuki wangu humo," alimwambia Robert.

Nyuma yake akaja mkulima mwenzake, Nyakundi, halafu wanawake wawili wa ng'ambo ya mto, halafu karibu wote, kila mmoja akitaka jibu lake lifutwe. Robert alimpigia msimamizi wake Nairobi na kuweka simu kwenye spika ili wote wasikie. Rodah aliuliza jambo moja tu, kama mbolea huuliza ukoo wa anayeimwaga. Msimamizi alizunguka sana, akataja mipango na takwimu, Rodah akauliza tena vile vile. Mwishowe yule bwana alikubali kwamba swali hilo halihitajiki.

Swali likaondolewa kwenye orodha ya kituo chetu. Robert alifuta majibu mbele yao, na Rodah hakumwachilia mpaka ujumbe ulipoingia kutoka Nairobi kuthibitisha kwamba na kule yamefutwa. Aliusoma kwa sauti, wote. Charity akarudi kwenye foleni, akatoa jina na ukubwa wa shamba, akaandikishwa kama wengine. Wanawake walipiga vigelegele mpaka dereva wa lori, aliyekuwa akifika, akauliza nani ameolewa.

Kesho yake asubuhi Rodah alikamua ng'ombe, akapanda bodaboda mpaka kituo cha jirani, ambako Robert alitarajiwa saa tatu na maswali yake yote, akakaa benchi ya mbele.