Mtu Aliyeningoja Vancouver

Kilichoninyima usingizi wiki ile hakikuwa safari. Alikuwa mwanamume nisiyemjua, ambaye Jumapili angesimama kwenye uwanja wa ndege wa Vancouver akimtazama kila msichana mweusi anayetokea mlangoni, akijiuliza kama ndiye. Angengoja kwa muda gani? Angewauliza wahudumu? Angempigia dada yake Toronto, dada yake angempigia mama yangu, na mama angesema nini? Nililala chali nikimvisha yule mtu koti la mvua, kisha nikamvua, kisha nikampa maua mkononi. Sijui kwa nini maua. Nadhani nilitaka aniumize zaidi.

Vancouver sikuwa na shughuli nayo. Nilikuwa nakwenda Japani.

Nikiwa na miaka kumi na sita, mimi na mama tulitoka Moshi tukahamia Malvern, kaskazini-mashariki ya Toronto, katika ghorofa ya saba ya jengo lenye lifti moja nzima na moja mbovu. Mama alipata kazi ya kuhudumia wazee, zamu za usiku. Majira ya baridi ya kwanza niliyapitisha peke yangu na simu. Ndimo nilimowakuta: wasichana watano wa Kijapani wanaoimba na kucheza, kila mmoja na rangi yake. Aliyenishika alikuwa wa mwisho pembeni, wa manjano. Alikosea hatua, akagongana na wenzake, akacheka, akaendelea. Mimi siku ile nilikuwa nimekosea kutamka neno moja darasani, na nilikuwa nimekaa saa nne nikifikiria kuacha shule.

Baadaye nikagundua kwamba kila siku alirekodi ujumbe mfupi kwa mashabiki. Kuna watu waliotafsiri kwa maandishi chini ya video. Mara nyingi hakusema lolote la maana: amekula tambi, viatu vinambana. Lakini alimalizia kwa maneno yale yale: leo nimefika mwisho, na wewe umefika. Kwa miaka minane nilihakikishiwa na mtu asiyenijua kwamba nimefika.

Mwaka huu akatangaza kuwa anaondoka. Kwao msichana akitoka kwenye kundi hufanyiwa onyesho la kumuaga, na katika wimbo wa mwisho watu wote ukumbini hubadilisha taa zao ndogo za mkononi ziwe za rangi yake. Hakuna anayewaamrisha. Ukumbi mzima unageuka rangi moja, naye anasimama katikati anaangalia. Baada ya hapo, alisema, haimbi tena mahali popote, na ujumbe wa kila siku utakoma.

Tiketi zao haziuzwi dukani. Unaandika jina kama lilivyo kwenye pasipoti, unaingia kwenye kura, na ukishinda tiketi ni yako mwenyewe. Huwezi kumpa mtu mwingine. Nilikuwa nimejaribu kura zao mara nyingi, sikuwahi kushinda. Safari hii nikashinda. Nilikuwa kwenye ghala la Brampton ninakofungasha maboksi, na barua pepe ilipoingia nilikaa chini juu ya rundo la plastiki mpaka msimamizi akaniuliza kama nimeumia.

Nilipaswa kumwambia mama jioni ile ile. Lakini mama ndiye aliyefanya zamu za usiku ili mimi nisome takwimu chuo kikuu, na mimi ndiye niliyemaliza miaka miwili iliyopita na bado nafungasha maboksi. Kila Jumamosi jumuiya yetu ya sala hukutana nyumba ya mtu mmoja, na kila Jumamosi, baada ya wagonjwa na marehemu, huniombea mimi kazi. Ningeanzaje kusema kwamba fedha nilizoweka na likizo niliyoomba ni za kwenda kupunga taa ya manjano?

Nikatafuta uongo kwa bidii kuliko nilivyowahi kutafuta kazi. Harusi ya rafiki haikufaa, kwa kuwa harusi ina picha. Semina ina cheti. Usaili wa kazi hauna picha wala cheti, na ukikosa kazi hakuna anayeshangaa. Ndege yangu ilikuwa inapumzika Vancouver kwa saa nne kabla ya kuvuka bahari, kwa hiyo hata mama akiiona tiketi ataona Vancouver. Nilikaa na uongo ule kama mtu anayekagua hesabu. Nilikadiria hatari ya kila kitu isipokuwa sisi wenyewe.

Maana mtu yeyote aliyekulia kwetu angejua. Husemi jina la mji mbele ya mama yako kisha ukategemea kwamba utafikia hotelini. Kwetu mtu hapokewi na hoteli. Nilimwambia mama Ijumaa; Jumamosi yake akaiambia jumuiya, na kabla chai haijaisha mwenyekiti wetu, mama mmoja kutoka Bukavu mwenye sauti ya kuongoza kwaya, akapiga kofi.

"Vancouver? Si ndiko mdogo wangu anaishi! Mtoto atalala kwake!"

"Mama Mwenyekiti, kampuni imenilipia hoteli," nikasema.

"Hoteli ya nini? Uende kwa usaili na tumbo lenye mkate baridi? Hapana."

Jumanne mdogo wake akanipigia simu. "Binti, mimi ni baba mdogo wako," akasema, kana kwamba tulipotezana sokoni. "Unafika saa ngapi? Nimeshaomba ruhusa kazini. Mke wangu anauliza, unakula samaki?"

Nikasema nakula samaki. Hilo ndilo lililonitesa kuliko yote. Ningeweza kusema chochote, nami nikasema nakula samaki.

Kuanzia hapo sikulala sawasawa. Mchana nilitengeneza njia za kutoka. Nimwambie ndege imeahirishwa? Angeangalia kwenye simu. Nimwambie usaili umefutwa? Basi kwa nini nasafiri? Nisiende? Hilo nililifikiria kwa makini, nikiwa nimesimama jikoni na kikombe kilichopoa. Nikaona ile siku: mimi kwenye kochi Malvern, ukumbi kule umegeuka manjano, na kiti changu kimoja cheusi katikati, kama jino lililong'oka. Nikaanza kulia nikaosha kikombe kile mara mbili.

Mama, yeye, alikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu mahafali yangu. Alinunua kitenge kwa ajili ya mke wa yule bwana. Alikaanga visheti, akavimimina kwenye kopo la aiskrimu, akalizungushia selotepu mara tatu. "Huwezi kuingia nyumba ya watu mikono mitupu," akasema, akilisukuma kopo ndani ya sanduku langu, pale nilipokuwa nimeficha taa yangu na bango nililolichora kwa wiki mbili. Kisha akaligusa bango. Akaliweka pembeni bila kulifungua. "Makaratasi yako ya usaili yasikunjike," akasema.

Jumamosi, siku moja kabla ya kuondoka, jumuiya ilikutana kwetu kuniaga. Walikuja sita. Viatu vikajaa mlangoni. Wakaniweka kwenye kiti katikati ya sebule na kunizunguka, mikono juu ya kichwa na mabega yangu. Mikono ilikuwa na harufu ya sabuni na vitunguu. Mwenyekiti akaanza kuomba, na alikuwa haombi kwa juu juu.

"Bwana, wale wanaomhoji, walegeze! Wakiuliza swali gumu, umpe jibu kabla hawajamaliza. Yule bosi mkubwa, Bwana, hata kama ameamka vibaya…"

"Mlegeze," wakaitikia.

Mama alikuwa nyuma yangu. Nilijua mikono yake bila kuiona. Kidole kimoja hakikunjiki vizuri, tangu alipombeba mzee mmoja mzito peke yake kazini. Kidole kile kilibaki kimenyooka kwenye bega langu.

Katikati ya sala simu ya mwenyekiti ikalia. Akaitazama, akafungua jicho la pili. "Ni yeye! Bwana, subiri kidogo." Wakacheka. Akawasha video na kunishikia usoni.

Akatokea mwanamume mnene mwenye miwani, amevaa fulana ya ndani, akitembea na simu. "Binti! Tazama chumba chako." Akafungua mlango. Kitanda kilikuwa kimetandikwa mashuka mapya. Mistari ya kukunjwa dukani bado ilionekana. Kwenye mto kulikuwa na taulo, na juu ya taulo, mswaki ndani ya pakiti yake. Nyuma yake sauti ya mwanamke ikasema, "Mwambie samaki wako tayari, nimewatia chumvi."

Nilikuwa na jibu. Siku zote nina majibu kumi. Ningesema asante baba mdogo, kisha kesho ningezima simu, na uongo ungeendelea kutembea wenyewe. Nikautazama ule mswaki.

"Baba mdogo," nikasema, "usije uwanja wa ndege. Sina usaili."

Mikono haikuondoka kichwani mwangu mara moja. Nilihisi inaondoka mmoja mmoja, kama watu wanaotoka kanisani. Wa mama ulikuwa wa mwisho.

"Unasema nini wewe?" mama akauliza.

"Nakwenda Japani. Vancouver ndege inapita tu."

"Japani kuna kazi?"

"Hapana, mama. Kuna msichana anaimba. Anaacha kuimba. Nataka nimwone kabla hajaacha."

 Halafu mama akauliza swali ambalo nilikuwa nimejiuliza kwa miaka minane, akaliuliza polepole kama mtu anayepima dawa. "Anakujua?"

"Hanijui."

Mama mmoja wa Tanga, ambaye hupenda kukaa karibu na sambusa, akaguna. "Makubwa haya! Yaani anayekungoja unamkimbia, asiyekujua unamfuata mpaka Japani?"

 Nilianza kueleza kuhusu zamu za usiku, na simu, na yale maneno ya mwisho wa siku, lakini kwa Kiswahili yalitoka mafupi na ya kitoto, na nilipofika kwenye taa za manjano nikasikia mtu anakohoa.  Mama alikwenda jikoni, akafungua bomba. Maji yakamwagika kwa muda mrefu.

Simu bado ilikuwa usoni mwangu. Yule bwana alikuwa amekaa kwenye kitanda alichonitandikia, na mashuka yamekunjamana chini yake.

"Unajua nimebadilishana zamu na mtu?" akasema. Hakupaza sauti.

"Najua, baba mdogo. Nisamehe."

Akavua miwani, akaipangusa kwa fulana. "Ile avion, ndege yako, inakaa hapa masaa mangapi?"

"Manne."

"Nitakuwa pale. Kama utatoka, utatoka. Kama hutoki, nitarudi nyumbani." Akakata.

Mwenyekiti alisema hawawezi kuondoka bila kusema amina, kwa sababu sala ilikuwa imefunguliwa. Wakasema amina haraka, wakatafuta viatu vyao. Sambusa zilibaki, jambo ambalo halijawahi kutokea nyumbani kwetu.

 Jioni yote nilimngoja mama anikataze. Nadhani nilitaka anikataze, ili kesho yake niwe nimenyang'anywa na si nimeamua. Hakunikataza. Kwetu mtu anayesafiri husindikizwa, hata kama ni mpaka kituo cha basi tu, lakini asubuhi mama hakuvaa viatu. Nilipoburuta sanduku hadi mlangoni alikuwa amesimama na khanga yake ya ndani, mikono imefungwa kifuani.

"Kitenge ni cha mke wake," akasema. "Yeye hajakukosea."

"Nitampelekea."

"Visheti pia."

"Ndiyo, mama."

 Akatazama lifti, ile nzima, na namba zake zikipanda. "Huyo msichana," akasema, "ana mama?"

"Anaye."

Akaitikia kwa kichwa, akaingia ndani. Sikusikia kufuli.

Kwenye basi nilihesabu upya. Kutoka nje Vancouver, kumtafuta mtu, kumkabidhi kopo na kitenge, kusema ninayopaswa kusema nikiwa namwangalia, kisha kurudi kwenye foleni ya ukaguzi. Foleni ikiwa ndefu, ndege itaniacha, na ukumbi utageuka manjano bila mimi. Nikibaki ndani karibu na lango langu, hakuna hatari yoyote. Nilihesabu kutoka Malvern mpaka treni, na kutoka treni mpaka uwanjani, na kila mara jibu lilikuwa lile lile: ni salama zaidi kutotoka.

Kwenye kaunta mhudumu akaniuliza ninakwenda wapi. Nikamwambia Tokyo, kwa sauti ambayo hata wa nyuma yangu waliisikia. Akalitazama sanduku, akauliza kama nalo linakwenda moja kwa moja.

Nikamwomba anisubiri. Nikalilaza sanduku sakafuni, nikalifungua mbele ya foleni nzima, nikatoa kopo la visheti na kitenge, nikavikumbatia. Nafasi ilipobaki nikalilaza bango vizuri. Kisha nikalifunga na kulisukuma kwenye mizani.

"Hilo liende," nikamwambia. "Hivi nabeba mwenyewe. Vancouver natoka nje."

Wakati nangoja kupanda nikamwandikia yule bwana ujumbe. Niliuandika mara sita, nikafuta yote yenye maelezo, yakabaki maneno machache: Baba mdogo, nitatoka. Nimevaa koti la manjano.