Dzombo Anadi Maumivu Yake

Dzombo wa Msambweni amekula miaka ishirini kwa koo lake. Ni dalali wa samaki: akishika tewa na kupaza sauti, hata wanunuzi wa Kinondo wanaojitia uziwi husikia. Lakini koo hilohilo lilikuwa likimziba pumzi usingizini, mpaka mchana akawa anasinzia katikati ya mnada, samaki mkononi, bei hewani. Siku alipomwuzia pono mteja aliyekwisha kwenda zake kitambo, mkewe Mwanapili akamburuta hospitali. Akakatwa kilimi na mafindofindo.

Alipozinduka, koo lilikuwa kana kwamba amemeza seng'enge. Kitanda cha pili alilala Cornelius, mpishi wa hoteli kutoka bara, naye kakatwa vivyo hivyo. Kila mmoja na dripu yake. Daktari Duncan alikuwa akilinganisha dawa mbili za maumivu za kupitia mshipani. Nani kapewa ipi, wagonjwa hawajui, nesi hajui. Wote wawili walitia sahihi. Dzombo alitia akidhani ni fomu ya chakula.

Nesi Milcah akaja na karatasi. "Mzee, maumivu ni ngapi? Sifuri ni hakuna, kumi ni ya kufa. Usiongee, onyesha vidole."

Moyoni Dzombo alikuwa na tisa. Lakini dalali gani mwenye akili timamu hufungua mnada kwa bei ya mwisho? Akainua vidole viwili, akangoja apandishwe.

"Mbili! Poa sana." Milcah akaandika, huyoo.

Dzombo akabaki na vidole hewani. Kwa mbili amechukua? Hata kubishana hakuna? Cornelius, asiyejua biashara, akaonyesha kumi palepale, akachomwa sindano ya ziada, akatabasamu kama bwana harusi.

Baada ya saa moja Milcah akarudi. Dzombo akawaza: labda nilianza juu mno, mama wa watu akaogopa kupandisha. Akaonyesha kimoja.

"Moja! Daktari, njoo uone, dawa ya mzee ni kiboko!"

Daktari akaja, akayaona machozi ya Dzombo, akayahesabu kuwa ya shukrani.

Ndipo Mwanapili akaingia na maji ya dafu, akamkuta mumewe anachuruzika mate kwa kuogopa kumeza.

"Mama, mzee yuko moja tu," Milcah akajigamba.

"Nani kasema?"

"Yeye mwenyewe, kwa vidole."

Mwanapili akacheka hata leso ikamwanguka begani. "Umeuziwa, mwanangu! Huyu alipokuja kuniposa alisema ananipenda kidogo. Mpandishe!"

Milcah akamtazama daktari, akashusha pumzi. "Haya. Tatu?"

Macho ya Dzombo yakang'aa. Hatimaye, mteja! Akaashiria juu.

"Tano?" Juu. "Saba?" Juu. "Tisa?"

Dzombo akapiga kofi kitandani: imeuzwa.

Akaongezewa dawa, kidogo kidogo, maana wenye koo la kuziba usingizini wakizidishiwa husahau kuvuta pumzi. Seng'enge ikalegea.

Daktari Duncan akabaki anaikodolea karatasi: mbili, moja, tisa. "Sasa dawa ipi ndiyo bora?"

Cornelius akanyoosha kidole kwenye dripu ya Dzombo. Dzombo akanyoosha chake kwenye dripu ya Cornelius.

Daktari akaandika, akafuta, akaandika tena. Mwanapili hakungoja jibu lake. Akamtilia mumewe kijiko cha dafu mdomoni, kikashuka.