Fundi Aliyekataa Kufuta Sauti za Kabambare

Nimepata habari kwamba yule mama fundi wa kompyuta, ambaye wengi wenu hapa Kasongo mlimpelekea mashine zenu, ametutoka. Aliugua kwa muda mfupi, akazikwa kwao Wamaza. Nimehuzunika, ila kila nikimkumbuka tabasamu linanijia, na sioni sababu ya kulificha.

Msimu mmoja wa mvua tulikwenda pamoja kwa pikipiki hadi Kabambare, tukafika tumejaa matope. Redio ndogo ya huko ilikuwa imekwama. Mkuu wake, kwa kuogopa watu wasichezee mafaili, alikuwa ameingia kama msimamizi wa mashine na kuyamilikisha yote kwa jina la msimamizi. Tangu hapo mtangazaji akiandika neno lake la siri, kioo kinageuka cheusi, kisha kinamrudisha palepale pa kuingilia. Humo ndani mlikuwa na hadithi za akina bibi zilizorekodiwa kwa Kibangubangu, lugha ya huko, na nakala nyingine haikuwepo.

“Mama, mashine imekufa,” mkuu alisema. “Tufute yote, tuanze upya.”

“Haiyakufa, baba. Neno la siri inakubali. Lakini mafaili ya huyu mutu iko kwa jina ya msimamizi, kwa hiyo mashine inashindwa kumufungulia.”

“Basi fungulia watu wote!”

“Hapana. Kesho mutu atafuta bila kujua. Kila mutu apate yake.”

Akaingia kwa nafasi ya msimamizi, akaandika amri chache, akamrudishia mtangazaji umiliki wa mafaili yake. Mtangazaji yule akajaribu tena, na safari hii kioo kikafunguka. Akaichezesha hadithi ya kwanza aliyoiona. Mwanamke aliyekuwa akifagia ukumbini akaacha ufagio. “Mama yangu iko anasema!” Mama yake alikuwa amekwisha kuzikwa. Katikati ya hadithi mama huyo akamfokea mbuzi aliyeingia jikoni, na binti akacheka huku machozi yakimtoka. Sote tukacheka, mkuu pia.

Katika biro zetu nyingi, yaani ofisi zetu, kitu kikitushinda tunakimbilia kukifuta. Na tukipewa dhamana, tunajirundikia kila kitu kwa jina letu. Mama yule aliuliza kwanza: hiki ni cha nani? Kisha akakirudisha kwa mwenyewe. Leo hadithi zile zinasikika Kabambare kila Jumapili, na watoto wanazijua kwa moyo. Mwenye kutunza vizuri ni yule ambaye, hata akiondoka, wenye mali hawakosi mali yao.