Mama Pasi na Vicheza Muziki Vitatu

Pale kwenye nyumba ya kufulia nguo hakuna aliyemwita jina lake. Alikuwa Mama Pasi tu, mwaka wa ishirini huu akinyoosha mashati ya watu wa maofisini, na miaka yote hiyo muziki masikioni. Bila muziki, alisema, hata kola hazilali.

Siku kicheza muziki chake kilipodondokea kwenye beseni la wanga, ilikuwa basi tena. Alifanya kazi siku mbili kanuna. Siku ya tatu akaenda kwa shemeji yake, mdogo wa mumewe, mwenye duka la vifaa vya umeme.

"Shemeji, nataka kitu cha maana. Usinizuge na mataa."

Shemeji akacheka, akamtolea vitatu. Cha kwanza kilikuwa na kioo kipana, redio, picha, hata dira. Cha pili kilikuwa chepesi kama sega, na chaji yake ilikaa wiki nzima. Cha tatu kilikuwa cheusi na kizito, hakina hata redio, vitufe vyake vikubwa kama vifungo vya koti.

"Nenda navyo ujaribu mpaka Jumamosi," shemeji akasema. "Ila hicho cheusi kimekosa mwenyewe."

Mama Pasi alitaka haki itendeke. Akaomba vyote viwekewe nyimbo zilezile, za harusi yake, ambazo shemeji mwenyewe alizirekodi kwa kaseti akiwa kijana. Nyimbo hizo alizijua nje ndani. Hedifoni pia zilikuwa zilezile.

Cha kwanza kilimchosha mapema. Kioo hakikukubali kidole chenye maji, na besi ilivuma mpaka shangazi zake walioimba siku ya harusi wakawa kama wanaimba ndani ya pipa. Cha pili kilikuwa na sauti safi, lakini pasi ikitoa mvuke tu, sauti inamezwa, hata ukikifungulia hadi mwisho.

Alhamisi akachomeka kile cheusi, na mara akainua pasi juu, akasimama. Shangazi wote watano walikuwa mbele yake, kila mmoja na sauti yake. Halafu, kati ya ubeti na ubeti, akasikia kitu ambacho hajawahi kukisikia: mwanamke akinong'ona karibu na kinasa sauti. Akarudisha nyuma. Akarudisha tena. Alikuwa mama mkwe wake.

"Huyu binti nimempenda sana. Ila nisimwonyeshe mapema, atavimba kichwa."

Mama mkwe huyo hakuwahi kumsifia hata chai.

Jumamosi asubuhi Mama Pasi akamfuata nyumbani, akamvisha hedifoni bila maelezo. Bibi alisikiliza, macho kayafumba.

"Sauti mbaya hiyo. Si yangu."

"Ni yako, mama."

Bibi akalikunja na kulikunjua pindo la kanga yake. "Basi nilisema kweli," akasema. "Nikawa nangoja wakati mzuri, mwanangu, mpaka nikasahau kwamba nangoja."

Mama Pasi alicheka mpaka machozi yakamtoka, na sehemu ya machozi hayo haikuwa ya kicheko.

Alipotaka kuondoka, bibi aligoma kuvua hedifoni. Nyimbo zilikuwa bado hazijaisha. Ikabidi shemeji apigiwe simu: kile cheusi kimenunuliwa, na aagize kingine kama hicho, cha mama yake.