Nukta za Chokaa Kwenye Njia ya Ruiru

Zamani mtu aliendesha baiskeli kutoka Makongeni ya Thika hadi Ruiru kupitia mashamba ya kahawa akiogopa mvua tu, na siku hizi anaendesha amegeuza shingo, akisikiliza kama kuna mbwa.

Nataka kuandika habari za Jeconia Ajwang', kwa sababu hakuna mwingine atakayeziandika. Alitoka Ugenya mwaka wa sabini na nne akiwa kijana mwembamba, akapata chumba Makongeni na kazi ya kufuma blanketi katika kiwanda kimoja cha Ruiru. Tulikuwa wanaume kumi na wawili wa zamu ya asubuhi, kila mmoja na blakmamba yake, baiskeli nyeusi nzito. Hakuna aliyepita barabara kuu. Tulivuka lami, tukaingia kwenye mibuni, tukateremka hadi bwawani, tukapanda taratibu kando ya mikaratusi na kutokea Ruiru bila kuona gari hata moja.

Mwezi wa saba ukungu ulikuwa mzito, na mtu aliweza kuzunguka kwenye kahawa mpaka jua litoke. Jeconia ndiye aliyeleta chokaa. Kwenye kila njia panda alipaka jiwe: nukta moja, nenda mbele, mbili, kata kulia, tatu, kata kushoto. Zikififia, aliyechelewa kazini wiki hiyo ndiye aliyebeba mkebe na brashi. Meneja wa shamba alizijua na hakukataa. Sharti lake lilikuwa moja: ukikutana na wanawake wamebeba kahawa, shuka, usukume mpaka wapite. Tulishuka. Leo bodaboda haisimami hata jeneza likipita.

Kiwanda kilifungwa, shamba likauzwa vipande vipande, na palipokuwa na mibuni pakaota maghorofa yasiyo na rangi. Mimi nilifungua kibanda cha kutengeneza baiskeli Makongeni, na Jeconia akawa mtu wa benchi langu kila asubuhi.

Mjukuu wake Akello alikuwa akisoma chuo na kukaa Kahawa Sukari. Kila Jumamosi yeye na wenzake wawili walikuja kumwamkia babu kwa baiskeli zile nyembamba za mashindano, wakipita barabara kuu kati ya malori. Ijumaa usiku Jeconia hakuwa akilala. Mwishowe alichukua mkebe, akaniburuta na mimi, tukapaka upya nukta kwenye vipande vya kahawa vilivyobaki.

"Kwara, hii njia ni moto!" Akello alimwambia babu yake siku ya kwanza, akiwa na vumbi mpaka kwenye nyusi. "Kwa nini mlituficha?"

Jeconia alicheka siku nzima.

Ilikuwa Jumamosi ya tano au ya sita, saa moja kasoro asubuhi, Nzau alipofika kwangu na gurudumu limeisha upepo. Nzau ni askari wa kulinda kahawa iliyobaki ya lile shamba, na alikuwa ametoka zamu.

"Fundi, weka kiraka haraka nikalale. Leo kuna kazi huko, afadhali nimetoka."

"Kazi gani?"

"Wale wa kuuza ploti za wizi wamerudi. Wamepaka mawe chokaa mpaka bwawani. Githae, mkubwa wetu, ameletewa mbwa wanne. Anasema Jumamosi ndiyo siku wanunuzi wanaletwa kuonyeshwa. Yeyote atakayesimama kwenye jiwe jeupe anafunguliwa mbwa kwanza, maswali baadaye."

Nilimtazama Jeconia. Kikombe cha chai kilikuwa kimesimama nusu ya njia kwenda mdomoni. Huku kwetu siku hizi jiwe jeupe shambani lina maana moja tu, mpaka wa ploti, na kila mtoto wa mtaa wa Ngoingwa anajua hivyo. Sisi wazee wawili, tuliokaa Thika miaka hamsini, hatukuliwaza hilo.

"Mpigie Githae," Jeconia akasema. "Mwambie ni zangu. Ni za kuonyesha njia."

Nzau alicheka, kisha akaacha. "Nimwambie namjua anayepaka? Na mimi ndiye nilikuwa zamu? Mzee, wataniweka ndani pamoja na nyinyi. Mimi sijasikia kitu." Akaondoka akisukuma baiskeli, kiraka hakijakauka.

Jeconia alipiga simu ya Akello. Iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Saa hiyo yeye na wenzake walikuwa wameshatoka.

Tulivuka lami. Sijawahi kumwona akikanyaga pedali vile, mtu wa miaka sabini. Kifua chake kililia kama mlango. Kahawa ilikuwa na umande, ndege wanaimba, njia nyekundu na laini kama ya enzi zetu, na uzuri huo wote ulinifanya nikanyage zaidi. Kwenye jiwe la kwanza alichota tope akalipaka juu ya chokaa. La pili vilevile.

"Bila nukta watapotea," nikamwambia.

"Wapotee. Aliyepotea hasimami kwenye jiwe."

Tulikuwa kwenye jiwe la bwawani mbwa alipobweka. Niliangusha baiskeli kwenye mibuni nikalala kifudifudi. Yeye hakuinuka. Aliendelea kupaka tope mpaka viatu vya Githae vikasimama mbele ya mikono yake.

"Eeh, mzee! Umekuja kufuta ushahidi?"

"Ni alama za njia tu."

"Njia ya kwenda wapi? Ya hati miliki?" Askari wakacheka. Mbwa mmoja alimshika Jeconia suruali gotini, na mshika mnyororo hakumvuta upesi.

Ndipo nikasikia magurudumu. Wote watatu walitokea mteremkoni kwa kasi, Akello mbele, na wakafunga breki.

"Hao ndio wanunuzi wako?" Githae akauliza.

"Siwajui," Jeconia akasema kwa sauti kubwa. "Hao ni watoto wa matajiri wanajichezea."

Akello alishusha mguu mmoja chini.

"We msichana, unamjua huyu mzee?"

Nyuma ya Akello, Janice, mmoja wa wale wenzake wawili, alikuwa ameanza kulia. Jeconia alikuwa akitazama maji ya bwawa.

"Simjui," Akello akasema.

"Basi geuzeni. Hapa si pa kuchezea."

Waligeuza. Jeconia walimfungia stoo ya mbolea hadi saa tisa, kisha wakamwachilia kwa onyo. Baiskeli walimrudishia. Jumatatu, kabla sijafungua kibanda, Akello alikuwa amempandisha basi la Ugenya na kwenda naye. Nasikia hata chuoni hajarudi.

Kwa hiyo mara ya mwisho kuwaona ni pale kwenye lango la shamba saa tisa, mimi bado nimejificha kwenye mibuni. Akello alikuwa amengoja ng'ambo ya barabara tangu asubuhi, peke yake. Jeconia alitoka suruali imepasuka, akimwona waziwazi. Githae alikuwa bado amesimama langoni na mbwa, anatazama. Hakuna aliyemwita mwenzake. Walianza kutembea kuelekea Thika, kila mmoja akisukuma baiskeli yake, mzee upande huu wa barabara na msichana upande ule, mpaka kwenye kona.