Mimba Niliyoitangaza Penye Bomba

Nilikuwa na miaka kumi, mtoto pekee wa mama yangu, na katika mtaa wetu wa Panda, mjini Likasi, neno hilo "pekee" lilisemwa kwa sauti ya chini, kama watu wanavyotaja ugonjwa. Baada yangu mama alikuwa ameshika mimba mara tatu, na zote tatu zilitoka. Hayo sikuyajua wakati ule. Nilijua tu kwamba kuna nyakati mama alilala siku mbili tatu ameuelekea ukuta, kisha akaamka, akarudi sokoni kuuza samaki wakavu wa mto Lufira. Siku hizo baba aliosha baiskeli yake bila kuimba.

Mwaka huo Nkambo, mama yake mama, alikuja kutoka kijijini kukaa nasi. Hakuhitaji kuambiwa jambo. Alimwona mama akisukuma mbali sahani ya sombe, majani ya muhogo aliyoyapenda, na mchana uleule akaniita nyuma ya nyumba.

"Mama yako iko na mimba, miezi tatu sasa," akasema. "Usiseme ku muntu. Mimba haitajwe mbele ya tumbo kuonekana yenyewe. Kuko bantu, wakisikia tu, macho yabo inakula mutoto mu tumbo."

Alitaka pia mama afunge kamba nyeusi kiunoni. Mama, aliyekuwa akiimba kwaya kanisani kwetu, aliikataa kamba, lakini kunyamaza alikubali. Nilishangaa. Kama Mungu ana nguvu kuliko macho ya watu, kwa nini sisi tufiche? Nikamwuliza mama siku hiyohiyo, akipepeta mchele.

"Nkambo ananyamaza juu anaogopa bantu," mama akanijibu. "Minye ninanyamaza juu ninangojea Mungu. Iko na saa yake. Hata Mariamu, yale aliambiwa aliyaweka mu moyo kwanza. Saa ikifika, minye mwenyewe nitasema. Umesikia, Mado?"

Nilisikia. Tena nilijivuna, kwa kuwa sikuwahi kupewa siri ya watu wazima.

Niliitunza majuma matatu. Kisha alasiri moja nilikuwa kwenye foleni ya bomba, na wanawake wawili mbele yangu, wasiojua kwamba nipo, walimzungumzia mama.

"Ule, tumbo yake ilifungwaka," mmoja akasema. "Mutoto moya tu. Bwana yake anamuvumilia vile."

Mwenzake akacheka. Hakikuwa kicheko kikubwa, lakini kilinipanda kichwani. Nikatupa ndoo chini nikapiga kelele: "Mama yangu iko na mimba! Miezi ine!"

Wale wawili waliinamisha macho. Lakini nyuma yangu alikuwapo Mama Sifa, shemasi wa kanisa letu, mwanamke mwema aliyewahi kufunga na kuomba kwa ajili ya mama. Alinishika mabega, machozi yakimlenga. "Kweli, Mado? Kweli? Aleluya!" Na mimi, kwa furaha ya kushinda, nikaitikia kwamba ni kweli.

Jumapili iliyofuata, siku ya Mungu, wakati wa ushuhuda, Mama Sifa alisimama mbele ya kanisa zima. "Mungu amefungua tumbo ya dada yetu!" Watu wakaruka, vitambaa vikapepea, ngoma zikaingia bila kungoja. Mchungaji akamwita mama mbele. Kutoka kwenye benchi la watoto nilimwona akifunga kitabu chake cha nyimbo polepole, akatoka kwenye mstari wa kwaya, akatembea. Alisema neno moja tu, "Asante," akarudi mahali pake. Nyumbani hakuuliza ni nani aliyesema. Nilitamani aulize. Nilitamani anipige.

Siku kumi na mbili baadaye nilirudi kutoka shuleni nikamkuta jirani anafua mashuka uani kwetu. Baba alikuwa amekaa chini, karibu na baiskeli, mikono haina kazi. Nkambo alisimama mlangoni. Hakunitazama, lakini alisema kwa sauti ya kunifikia: "Kinywa ya mutoto imekula mutoto."

Neno hilo nimelibeba umri wangu wote.

Jumamosi hiyo alikuja mama mmoja wa kanisa anayeishi mbali, ambaye habari kwamba mimba imetoka haikuwa imemfikia. Aliingia uani akiimba, na furushi la nguo za mtoto mkononi, na juu yake kofia ya manjano aliyoifuma mwenyewe. Mama aliamka kitandani. Alimpa kiti, akapokea furushi kwa mikono miwili, akashukuru, ndipo akamwambia. Yule mgeni alilia sana hata ikawa ni mama anayempapasa mgongo na kumbembeleza. Nilikuwa mlangoni, nikaona yote.

Mgeni alipoondoka nikaenda kwa mama. "Mama, ni minye. Njo minye nilisema."

"Nilijua," akasema. "Tangu ile siku ya Mungu." Akanivuta nikae kando yake. "Sikiya. Si kinywa yako njo ilimuua. Bale batatu ba mbele, nani alibasemaka? Hakuna muntu. Na balikufa."

Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba walikuwapo wengine.

"Sasa juu ya nini ulinikataza kusema?"

Aliirudisha kofia ya manjano ndani ya furushi. "Juu kama itatoka tena, nilie kwanza na Mungu. Bantu bakuje nyuma."

Baadaye walikuja wengi na unabii: mwakani, majira kama haya, utambeba mtoto. Mama aliitikia amina kwa kila mmoja. Hakushika mimba tena. Nilikuwa nikidhani saa ya Mungu ni kitu kizuri kinachochelewa tu. Kwa mama haikuja kwa sura tuliyoiomba, naye aliendelea kuimba katika mstari uleule, na sina maelezo ya jambo hilo. Nkambo alikufa bila kulifuta neno lake. Simchukii. Alikuwa amezika watoto wake mwenyewe, na nadhani ilimsaidia kuwa na wa kumlaumu.

Mimi nilijifunza kunyamaza. Nimekuwa mwalimu hapa Likasi, na watu huniletea siri zao kwa sababu hazitoki. Wananisifu kwa hekima. Kumbe kwangu ilikuwa hofu, ileile ya Nkambo, niliyoivika nguo za kanisani. Habari ya mtoto yule sikuigusa tena mbele ya mama hata mara moja.

Mwaka huu, nilipotaka kuandika haya, nilikwenda Panda kumwomba ruhusa. Nywele zake zimekuwa nyeupe. Alisema, "Niache niombe kwanza." Zikapita siku tatu. Nikaitwa.

"Andika," akasema. "Saa yake imefika. Lakini andika pia kama alikuwa mutoto mwanamuke. Nilimuona uso. Nilikuwa ninangojea uniulize, Mado. Miaka yote hii, haukuniuliza."

Alikuwa msichana. Nilikuwa na mdogo wangu wa kike. Nilimshika mama mkono, na kwa mara ya kwanza nikamwuliza alifanana na nani.